Kadi ya kliniki ya mwanangu haina Penta 3 wala PCV 3, ila IPV ya siku hiyohiyo ipo. Naomba uzoefu wenu

#1 BabaTegeta (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la mtoto linaninyima usingizi. Naomba wenye uzoefu, hasa manesi na wazazi waliowahi kupitia hili, mnisaidie.

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Alizaliwa hospitali ya wilaya huko kwetu Kanda ya Ziwa, mke wangu akakaa naye kwa wazazi wangu hadi alipotimiza mwaka, ndipo wakaja Dar. Kliniki zake zote zilikuwa zahanati ya kijijini.

Juzi tulimpeleka kliniki ya huku mtaani kupima uzito na kupewa vitamini A. Sista akafungua kadi, akaguna. Penta 1 na 2 (chanjo ya magonjwa matano, yakiwemo kifaduro na dondakoo) zina tarehe, PCV (ya nimonia) nazo vilevile, Rota (ya kuharisha) ipo. Ukifika wiki ya 14, matone ya polio yameandikwa, IPV (polio ya sindano) imeandikwa, lakini Penta 3 na PCV 3 ni nafasi tupu. Surua-rubela ya miezi tisa ina tarehe yake safi kabisa, hiyo hakuiuliza. Akatuambia utaratibu ni kwamba kisichoandikwa hakijafanyika, kwa hiyo mtoto arudi achomwe zote mbili.

Mke wangu anaapa kwamba alikuwepo, alimpakata mtoto mwenyewe, na siku ile alichomwa sindano tatu, moja paja la kushoto na mbili paja la kulia. Usiku ule mtoto alichemka, wakahangaika naye hadi alfajiri.

Je, akirudiwa kuna madhara? Na kama alichanjwa kweli, kadi inarekebishwaje wakati zahanati iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa?

#2 Mwana_wa_Buza

Mkuu pole sana, lakini usijipe presha. Kama mama alikuwepo na anakumbuka, chukua peni ya bluu, andika tarehe ileile ya IPV kwenye hizo nafasi mbili. Mtoto amechanjwa, wewe unajaza kilichosahaulika tu. Sista mwingine hatauliza.

#3 SistaRCH

Mwana_wa_Buza, mdogo wangu, ushauri huo tuuache kabisa, na nitasema kwa nini. Nimekaa meza ya chanjo miaka mingi, na kadi zilizojazwa nyumbani nimeziona.

Kadi anayobeba mama ni nakala yake. Asili yake inabaki kituoni, kwenye rejesta ya watoto, ile tunayoiita kitabu namba 7 cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za afya. Siku ya chanjo nesi anaandika sehemu tatu: kwenye kadi, kwenye rejesta, na kwenye fomu ya tali ambako anakata kijistari kwa kila dozi ili mwisho wa mwezi zijumlishwe. Vituo vyenye mfumo wa kielektroniki wa chanjo anaingiza na huko pia. Sasa fikiria benchi limejaa hadi nje, nesi mmoja, mtoto analia, mama anayefuata tayari ameshamvua mwanawe. Mkono unaruka mstari. Inatokea, na mara nyingi inatokea kwenye kadi huku rejesta ikiwa sahihi, au kinyume chake.

BabaTegeta, kadi yako yenyewe inasema kitu. Wiki ya 14 Penta 3, PCV 3, matone ya polio na IPV hutolewa kwa pamoja. Penta huchomwa paja la kushoto. PCV huchomwa la kulia, na IPV nayo kulia, pembeni kidogo ya PCV. Mkeo anaposema moja kushoto na mbili kulia, ameeleza utaratibu wetu bila kuujua. Mimi ningemwamini.

Lakini kumwamini hakunipi ruhusa ya kuandika. Dozi tunaiandika kwa kuiona kwenye rejesta ya kituo kilichoitoa, si kwa kukumbuka. Kwa hiyo piga simu zahanati, au umpate ndugu aende na picha ya kadi, kurasa zote mbili. Amwambie sista atafute jina la mtoto, jina la mama, na tarehe ya IPV. Akilipata, Penta 3 na PCV 3 zitakuwa mstari huohuo.

Kuhusu kurudia: kama rejesta haitapatikana, mtoto achomwe. Dozi ya ziada ya Penta inaweza kuvimbisha paja na kuleta homa ya siku moja mbili, basi. Mtoto aliyekosa dozi ya tatu ya kifaduro na dondakoo, huyo ndiye wa kumwogopea. Wala haanzi upya hata akichelewa. Tunaendelea pale alipoishia, mradi wiki nne zimepita tangu dozi iliyotangulia.

#4 Mwana_wa_Buza

Nimekuelewa sista. Sikujua kama kuna kitabu kingine kituoni, nilidhani kadi ndiyo kila kitu.

#5 MamaPacha_Moro

Naomba niongezee kwa wenye pacha, maana hili la kuandika vibaya kwetu lilikuwa la aina nyingine.

Wangu ni Kulwa na Doto, wote wa kike. Kadi zinafanana, jina la mama moja, tarehe ya kuzaliwa moja, na siku ya kwanza ziliandikwa "Mtoto wa" na jina langu kwa sababu majina hayakuwa yametolewa. Kliniki moja Doto alikuwa anaharisha sana, akaandikiwa apelekwe chumba cha daktari kwanza, Kulwa peke yake akachanjwa. Kumbe tarehe imeingia kwenye kadi ya Doto. Mwezi uliofuata wakataka kumpa Kulwa dozi aliyokwisha kuipata na kumruka Doto.

Kilichotuokoa ni uzito. Siku ile walipimwa wote, na Doto alikuwa mdogo kwa karibu kilo nzima. Sista akafungua rejesta, akalinganisha uzito na mistari ya chanjo, akaona kadi zimepishana. Akakata kwa mstari mmoja, akaandika sahihi pembeni, akaweka tarehe, jina lake na mhuri. Tangu hapo juu ya kila kadi pana "KULWA" na "DOTO" kwa herufi kubwa, na kila nikifika mezani nataja jina la mtoto kabla sijampakata.

#6 SistaRCH

MamaPacha, ahsante. Na huyo sista alifanya sawasawa kukata kwa mstari mmoja. Kosa likisahihishwa lazima lile la awali liendelee kusomeka. Kadi iliyopakwa wino mweupe au kuchanwa kona inamtia mashaka kila atakayeishika baadaye, hata kama kilichoandikwa juu yake ni kweli.

Hiyo "Mtoto wa fulani" nayo ishughulikiwe mapema. Jina likishatolewa, rudi kituo cha kuzaliwa na cha kliniki, liandikwe kwenye kadi na kwenye rejesta. Likiachwa, miezi michache mbele mtoto anasajiliwa upya kwa jina jipya, na kwenye mfumo wanakuwa watoto wawili, mmoja aliyechanjwa nusu na mwingine aliyechanjwa nusu. Angalieni pia tarehe ya kuzaliwa ifanane na iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa sababu umri wa kila chanjo unahesabiwa kutoka hapo.

#7 Mpemba_Mchanga

Sista samahani, mimi nina swali. Mwanangu hana kovu la BCG (chanjo ya kifua kikuu) begani lakini kadi ina tarehe. Nako ni kosa la kumbukumbu?

#8 SistaRCH

Hapana mwanangu. Wapo watoto waliochanjwa vizuri na kovu halikutokea. Shirika la Afya Duniani halishauri kurudia BCG kwa sababu ya kovu tu. Kama kadi na rejesta zote zina tarehe, basi iachwe hivyo.

#9 Mzaramo_Ohio

Salaam kutoka Columbus. Uzi huu ningeupata mapema ungenisaidia sana. Wale mnaotarajia kusafiri na watoto, nawaomba msome hapa kwa makini, kwa sababu kadi isiyo na kosa lolote nyumbani inaweza kuonekana ina makosa matupu huku.

Binti yangu alizaliwa tarehe 20 Aprili 2022. Kadi yake ya Tanzania imeandikwa kama tunavyoandika sote, siku kwanza halafu mwezi. Penta 1 ni 06/06/2022, Penta 2 ni 04/07/2022, Penta 3 ni 05/08/2022. Marekani wanaanza na mwezi. Aliyeingiza kumbukumbu kwenye kompyuta akasoma Penta 2 kuwa ni tarehe 7 Aprili, siku kumi na tatu kabla mtoto hajazaliwa. Penta 3 akaisoma 8 Mei, mtoto ana siku kumi na nane. Penta 1 peke yake ndiyo iliyopona kwa kuwa ukiisoma kotekote ni ileile. Tukaletewa barua kwamba dozi mbili hazitambuliki.

Mke wangu alitaka kuandika upya kadi yote kwa mtindo wao. Nikasema hapana, hiyo karatasi haiguswi. Tulitengeneza tafsiri pembeni, kila tarehe mwezi umeandikwa kwa maneno, "5 Agosti" na si namba, tukaiambatanisha na nakala ya kadi. Dozi za Penta zikakubalika zote.

Ila zipo ambazo hazikukubalika hata baada ya tarehe kunyooka, na hapa wazazi wengi hugombana na shule bure. Surua ya miezi tisa huku haihesabiwi, wanataka iliyotolewa kuanzia miezi kumi na miwili, na wanataka yenye matubwitubwi ndani yake, wakati yetu ni surua na rubela tu. Matone ya polio yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 nayo hawayahesabu, kwa sababu mwezi ule dunia ilihama kutoka matone ya aina tatu za virusi kwenda ya aina mbili. Kwa hiyo binti akabaki na IPV moja tu ya kuhesabika, wakamwongezea. Hakuna aliyekosea hapo, wala si dharau kwa manesi wetu. Nchi mbili zina ratiba mbili.

Na kadi ya njano ya homa ya manjano ni habari nyingine kabisa. Jina lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Imeandikwa humo ndani kwamba kurekebisha, kufuta au kuacha sehemu bila kujaza kunaweza kuibatilisha. Ukiona kosa, usikubali likwanguliwe, omba nyingine. Inaanza kutumika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 haina ukomo, hata zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi.

#10 MamaLikoni

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku Kenya tuna kijitabu cha afya ya mama na mtoto, na mambo ni hayohayo.

Mimi nilitoka Homa Bay nikaja Likoni na mtoto. Kule magharibi watoto hupewa chanjo ya malaria, ilianza mwaka 2019 kwenye baadhi ya kaunti, si nchi nzima. Wangu alikuwa na dozi tatu, akibakiza ya nne. Nilipofika Pwani, muuguzi kijana akaona maandishi yale akasema mwenzake alikosea, hiyo chanjo haiko kwenye orodha yao. Alikuwa ameshika peni tayari kukata. Nilimzuia kwa heshima nikamwomba amwite mkubwa wake. Mkubwa alijua mara moja. Kwa hivyo mtu akitaka kufuta kitu kwenye kitabu cha mtoto wako, muulize kwanza amethibitisha wapi.

#11 BabaTegeta

Wakuu nawashukuru mno. SistaRCH, simu ya zahanati haikupatikana kwa siku kadhaa, lakini mdogo wangu amekubali kwenda na pikipiki. Nimemtumia picha zote. Sista, kuna jambo: mama yangu anasema zipo kliniki nyingine walikuja kuzifanyia ofisi ya kijiji, si zahanati. Hizo ziko kwenye rejesta ileile?

#12 SistaRCH

Hizo ni huduma za mkoba. Zinatakiwa ziingizwe kwenye rejesta ileile wakirudi, lakini hapo ndipo mistari mingi inapotea, kwa sababu nesi anakuwa na daftari la safari, anarudi jioni na kasha la baridi, amechoka. Mdogo wako aulize pia daftari la mkoba la mwezi huo.

Na awe makini na kampeni. Matone ya polio yaliyotolewa nyumba kwa nyumba mwaka 2022, baada ya kirusi kuonekana Malawi, mengi yaliishia kwenye wino wa kidole, kadi haikuguswa. Hayo ni ya nyongeza, hayajazi nafasi ya dozi ya ratiba, hata mzazi akiyakumbuka vizuri namna gani. Mwanao hakuwepo wakati huo, naandika kwa wengine wanaosoma.

Halafu naomba kitu kimoja zaidi. Akifungua rejesta, asitafute zile mbili tu. Asome mstari mzima wa mtoto toka mwanzo, na kila tarehe ailinganishe na kadi.

#13 BabaTegeta

Wakuu, mrejesho. Nimeandika nikafuta, nikaandika tena.

Penta 3 na PCV 3 zipo. Zimeandikwa kwenye rejesta tarehe ileile ya IPV, na sista wa pale ametambua mwandiko wake. Mke wangu alisema kweli tangu mwanzo.

Lakini surua haipo.

Ile surua-rubela ya miezi tisa, iliyokuwa na tarehe safi ambayo hapa Dar hakuna aliyeihoji, kwenye rejesta nafasi yake ni tupu. Daftari la mkoba halina. Mdogo wangu akampigia mama palepale zahanati, akaweka spika. Siku ile mke wangu alikuwa anaumwa, bibi ndiye aliyempeleka. Mama akasema: "Walichukua kadi wakaandika, halafu wakasema watoto ni wachache, tusubiri wafike wengine. Tukakaa mpaka adhuhuri. Hawakufika. Wakasema turudi wiki ijayo." Wiki iliyofuata palikuwa na msiba wa jirani, halafu wakaanza maandalizi ya safari ya Dar, na kila aliyefungua kadi aliona tarehe, akafunga.

Kwa hiyo mwanangu amekaa miezi sita bila kinga ya surua, na sisi tulikuwa tunagombania nafasi mbili ambazo dozi zake alishazipata. Sista, hili linatokeaje?

#14 SistaRCH

Kaka yangu, pole, na mpe pole bibi. Linatokea, na nitakueleza lilivyo bila kumtetea mtu.

Chanjo ya surua-rubela huja unga kwenye kichupa cha dozi kumi, BCG kichupa chake ni dozi ishirini. Ukishauchanganya na maji yake, una saa sita tu, zikipita unamwaga. Nesi akiwa na watoto wawili anaona dozi nane zitamwagika, na mwisho wa mwezi ataulizwa habari ya upotevu. Kwa hiyo anasubiri. Vituo vingine vimepanga kabisa siku ya surua na siku ya BCG. Miongozo inasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, lakini hofu ya kumwaga dawa ni kubwa kuliko mwongozo.

Na wakati wa kusubiri, kadi zinakusanywa mezani, zinaandikwa zote kwa mpigo ili kazi iende haraka. Kichupa kisipofunguliwa, tarehe imeshaingia. Hapo ndipo ninapokasirika, na nimewahi kugombana na wenzangu kwa ajili yake: kalamu isitangulie sindano. Nafasi tupu inapiga kelele, kila mtu anaiona. Nafasi iliyojazwa uongo haina wa kuihoji, na ugonjwa wenyewe ni surua, unaosambaa kwa hewa, mtoto anaupata hata kwenye chumba ambacho mgonjwa ameshaondoka.

Mpeleke kesho asubuhi. Usingoje miezi kumi na minane ukidhani ile ndiyo itaziba. Achomwe sasa iwe dozi ya kwanza, na akifika miezi kumi na minane apate ya pili. Kati yake ziwepo angalau wiki nne, nanyi mna miezi mitatu.

#15 MamaPacha_Moro

Mungu wangu. Nimetoka kusoma nikaenda kufungua kadi zote mbili. Baba Tegeta, usimwache bibi ajilaumu, alikaa pale mpaka adhuhuri.

#16 Mwana_wa_Buza

Na mimi ndiye niliyesema ujaze kwa peni. Ungejaza, hakuna ambaye angefungua kile kitabu.

#17 Mzaramo_Ohio

Swali kwa sista, na ni la wengi tulio mbali. Kama kituo kimefungwa au rejesta imelowa mvua, hakuna mahali pengine?

#18 SistaRCH

Kama kituo kipo kwenye mfumo wa kielektroniki, mratibu wa chanjo wa wilaya anaweza kumtafuta mtoto humo, muulizeni kwa jina la mama pia. Fomu za tali na ripoti za mwezi zinaenda wilayani, lakini hizo zina jumla tu, hazina jina la mtoto, msihangaike nazo. Ikikosekana kabisa, mtoto ahesabiwe hajachanjwa kwa dozi hiyo, achanjwe, iandikwe tarehe ya leo. Msikubali tarehe ya kukisia. Kwenu ughaibuni, kwa surua na rubela kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kama ana kinga. Kwa kifaduro hakisaidii.

#19 BabaTegeta

Amechomwa leo. Tulifika mapema, tulikuwa watu watatu tu, na sista wa hapa alifungua kichupa bila neno baada ya kuona picha ya rejesta. Alisoma mstari mzima kwanza.

Kadi imefanyiwa hivi, niwaachie wengine wenye shida kama yangu. Tarehe ya uongo ya surua imekatwa kwa mstari mmoja, inasomeka bado, pembeni imeandikwa "haikutolewa", sahihi na mhuri. Tarehe ya leo imeandikwa chini yake pamoja na namba ya kichupa. Penta 3 na PCV 3 zimeandikwa tarehe ya rejesta, na pembeni "imenakiliwa kutoka rejesta ya kituo", jina la sista wa kule, sahihi ya huyu wa hapa. Kule zahanati mdogo wangu ameacha nakala ya kadi, na mganga mfawidhi ameahidi kuwapigia wazazi wote ambao kadi zao ziliandikwa siku ile moja na bibi. Nimepata jina la mratibu wa chanjo wa wilaya, nitampigia Jumatatu nijue wamefikia wangapi.